Kipara cha Flaviana na Vipara Vyetu

Mwaka 2007 nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, Tarime. Jumamosi jioni tulikaa kwenye benchi nyuma ya bweni tukanyoana kwa mkasi na wembe, kwa sababu Jumatatu mwalimu wa zamu alipitisha vidole kichwani na nywele zikishikika unachapwa. Kwa hiyo picha ya Flaviana Matata ilipotufikia, kwenye karatasi ya gazeti iliyofungiwa maandazi, hatukushangazwa na kile kilichomshangaza mwandishi. Gazeti lilisema amethubutu kupanda jukwaani na kipara. Mwenzangu wa kitanda cha juu aliitazama kwa muda, akasema, "Kumbe na huyu anasoma."

Tangu hapo nimesoma makala nyingi kumhusu, na karibu zote zinaanzia kichwani. Msichana wa Shinyanga aliyempoteza mama yake MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, anatokea na kipara, anakuwa Mtanzania wa kwanza kushiriki Miss Universe, anaingia kumi bora kule Mexico City, anahamia New York kwa kazi ya uanamitindo, anaanzisha taasisi, anauza rangi za kucha. Safari nzima haina kituo hata kimoja. Na kile kipara, ambacho ndicho kilichomleta mwandishi, kinasomwa kama fasheni tu, kana kwamba kabla ya Flaviana hapakuwa na mwanamke aliyenyolewa nchi hii. Kwetu Mara kichwa cha msichana kikiwa hakina nywele huwa ni shule au msiba.

Nakiri kwamba nilipoanza kuandika nilitaka sana kukipeleka kipara chake upande wa msiba, maana mfiwa hunyolewa. Ingekuwa aya nzuri. Nimeifuta. Alichofanya juu ya ajali ile kinaonekana bila msaada wangu: amerudi Mwanza kwenye kumbukumbu, amepeleka maboya ya kujiokolea kwa vyombo vya ziwani. Mtu aliyepeleka maboya hana haja ya mimi kumtungia sitiari.

Upande wa shule ndio unaopuuzwa. Habari ninayoipenda kuliko zote katika maisha yake huwa inapewa nusu sentensi: alisomea umeme, Chuo cha Ufundi Arusha. Makala zinaikimbia, sijui kwa aibu gani, ili zifike haraka kwenye majukwaa ya Ulaya.

Mashindano yenyewe yana historia ya kutiliwa shaka. Theresa Shayo alivikwa taji la Miss Tanzania mwaka 1967. Mwaka uliofuata Serikali ikayapiga marufuku, na hayakurudi mpaka 1994. Hoja ya kuyapinga, kwamba mwanamke anageuzwa bidhaa, si ya kipuuzi, na katika ukumbi wa mdahalo ningeweza kuitetea. Ila mimi niliisikia Mugumu, likizo, kwa baba mdogo. Aliikuta picha ya Flaviana ndani ya daftari langu, akaniambia, "Mwanangu, hawa wanajiuza." Mwezi huohuo alikuwa anajadiliana ng'ombe wa mahari ya binti yake, na alikuwa amegomea ng'ombe mmoja kwa sababu amekonda.

Desemba 2008 msimu wa ukeketaji ulifika, kama unavyofika miaka inayogawanyika kwa mbili. Sheria ya 1998 ilikuwa imekwisha kukataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18, lakini ngoma zilisikika mchana kweupe. Wasichana waliotoka kwa ngariba walitembezwa barabarani wakiwa wamefunikwa khanga mpya, miavuli juu, noti zimebanwa kwa pini kifuani, watu wakiimba. Yule wa kitanda cha juu alikuwa mmoja wao. Alitembea taratibu sana, hatua ndogo ndogo, macho mbele. Kila mtu alimsifu kwamba amependeza. Baba mdogo alikuwepo, na hakusema kuwa kuna mtu anayeuzwa. Januari kitanda cha juu kilipewa mtu mwingine.

Ndiyo maana siwezi kumsoma Flaviana kama mashabiki wake wanavyotaka, kwamba kipara chake kilitukomboa. Jumamosi iliyofuata tulikaa kwenye benchi kama kawaida. Alichoweza kufanya ni kidogo zaidi, na kwangu kina uzito zaidi: alipopata pesa na jina, alirudi kwa watoto wenye vichwa kama chake. Taasisi yake, tangu 2011, imehangaika na vifaa vya shule, maji, vyoo, na pedi. Jina lake la biashara, Lavy, lilianzia kwenye rangi za kucha likafika kwenye pedi. Waandishi wa mitindo hawana la kusema juu ya pedi, nami ningewaomba waanzie hapo, kwani msichana asiye na pedi hukosa shule siku kadhaa kila mwezi, na akishazikosa za kutosha ng'ombe huanza kuhesabiwa.

Mwaka jana nilimkuta mwenzangu Sirari, anauza mitumba karibu na mpaka. Amesuka nywele ndefu. Nikamwonyesha Flaviana kwenye simu, akamtambua mara moja. "Yule mwanafunzi," akasema, kisha akauliza kama alimaliza. Nikamwambia alimaliza, akasomea umeme.