Kiambishi Kimoja na Picha Tatu

Nilipokuwa Kimamba, wilayani Kilosa, shangazi yangu alinionyesha maneno yaliyotokea katika simu yake: "Picha 3 itafutwa. Unakubali?" Aliyasoma kama ayasomavyo Mswahili yeyote, kwamba picha namba tatu ndiyo itakayofutwa. Akakubali. Zikapotea picha zote tatu, nazo zilikuwa za stakabadhi za mazao yake.

Tusimlaumu mfasiri upesi. Yeye alipewa orodha ya maneno yaliyokatwakatwa, asione jina wala idadi itakayotangulia kitenzi. Katika Kiingereza kitenzi hicho hakibadiliki, iwe picha moja au mia. Katika Kiswahili hapana budi kipatane na jina lake.

Kwa sababu hiyo chombo kama Storybook, kilichotolewa mwaka 2016, chastahili sifa. Huonyesha kila kipande cha skrini peke yake, kiwe kitufe, onyo au fomu, pasipo kuendesha programu nzima. Na kikitayarishwa vema, mtazamaji huweza kubadili lugha papo hapo. Hapo mfasiri huliona neno lake mahali pake, na kama ni refu, huliona likikatwa ukingoni.

Lakini chombo hicho huonyesha mifano iliyotiwa tu. Mwundaji akitia picha moja, "Picha 1 itafutwa" haina kosa, na kipande chapita. Wala kanuni za Unicode hazitoshi. Zimekipa Kiswahili mafungu mawili ya idadi, moja na idadi nyingine zote. Yaani zahesabu, bali hazijui ngeli. Mafaili 3 yatafutwa, picha 3 zitafutwa, na watu 3 watafutwa: idadi ni ile ile, viambishi ni vitatu.

Basi, kwa maoni yangu, mfasiri apewe sentensi nzima kwa kila jina, na kila kipande kijaribiwe kwa mifano ya ngeli zote zitakazotumika, umoja na wingi, mbele ya mjuzi wa Kiswahili.

Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, sisi wanalugha tumezoea kubishana juu ya istilahi za kompyuta. Mabishano hayo yana faida yake. Lakini shangazi hakukwazwa na istilahi: picha aijua, kufuta akujua. Kilichompotosha ni kiambishi, na ulinzi wa viambishi ni kazi yetu.