Neno "Uzao" katika Biblia ya Kiswahili na katika Mahubiri Yetu

Mazishini, wasifu wa marehemu unaposomwa, mara nyingi husikika maneno haya: "Hakubahatika kuacha uzao." Waombolezaji huinamisha vichwa. Baadaye kidogo mchungaji husimama na kuhubiri juu ya ahadi aliyopewa Ibrahimu na uzao wake, asiseme lolote kuhusu maneno yale ya kwanza. Sisi tulio wahudumu wa Neno hatuna budi kujiuliza: je, ni neno lile lile? Na kama ndilo, mama yule aliyelala jenezani bila kuacha mtoto ana sehemu gani katika ahadi hiyo?

"Uzao" latokana na kitenzi "zaa", nalo ni ndugu wa mzazi, uzazi na kizazi. Katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, watafsiri walilitumia kwa neno la Kiebrania "zera", ambalo maana yake ya kwanza ni mbegu. Luther alitumia neno la Kijerumani lenye maana hiyo hiyo. Lakini kwa Kiswahili, mbegu ikitajwa kwa habari ya mtu, mawazo ya wasikilizaji yangekwenda kwingine. Watafsiri walichagua vema. Tena "uzao", kama "zera", ni neno la umoja linaloweza kumbeba mtu mmoja au taifa zima. Katika Mwanzo 3:15 uzao wa mwanamke unatajwa tena kwa "huo", na mlango unaachwa wazi. Katika Mwanzo 12:7 twakuta "nitawapa", na papo hapo twasikia watu wengi.

Ugumu unaanza katika Wagalatia 3:16. Hapo Paulo anajenga hoja juu ya umoja wa neno lenyewe: ahadi inamhusu mmoja, yaani Kristo. Watafsiri wasingeweza kuendelea na "uzao", kwa kuwa wingi wake hautumiki. Hakuna asemaye "nyuzao". Wakaandika "mzao" na "wazao". Hatuwalaumu, lakini hasara ipo. Msomaji hasikii tena kwamba Mtume anafafanua neno lile lile la kitabu cha Mwanzo. Kisha aya ya 29 inarudia "uzao", ingawa Kiyunani kina neno moja, "sperma", katika aya zote mbili. Hivyo mzao wa aya ya 16 na uzao wa aya ya 29 huonekana kuwa mambo mawili, na hoja hukatika katikati. Maana hoja yenyewe ni hii: mrithi ni mmoja, na wote walio wake huhesabiwa ndani yake. Watu wa mataifa, wasio na damu ya Ibrahimu, wanakuwa uzao wake kwa imani, kwa kubatizwa katika Kristo (3:26-27).

Hata hivyo kosa kubwa zaidi ni letu wahubiri. Tumeliacha neno hili mikononi mwa ukoo. Siku ya arusi tunawaombea maharusi uzao, nalo ni ombi jema. Lakini miaka ikipita bila mtoto, sisi tunanyamaza na ukoo unasema. Wako hata wanaohubiri kwamba tumbo lisilozaa ni dalili ya laana ya ukoo. Mahubiri ya namna hiyo humfunga tena mtu ambaye Kristo amekwisha kuibeba laana kwa ajili yake (3:13).

Maandiko hayanyamazi hivyo. Ibrahimu mwenyewe alilalamika mbele za Mungu kwamba hakupewa uzao (Mwanzo 15:3). Mtumishi wa Isaya 53 anakatiliwa mbali na nchi ya walio hai, na bado aya ya 10 inamwahidia uzao. Katika Isaya 56:4-5, towashi anaahidiwa jina lililo bora kuliko kuwa na wana na binti.

Kwa hiyo twashauri kwamba kila afundishaye Wagalatia 3 asome aya ya 16 na ya 29 pamoja, na kuwaeleza Wakristo kwamba neno ni moja. Pia mhubiri wa mazishi asiuache wasifu bila jibu. Mama yule hakuacha mtoto, na huzuni hiyo tusiidharau. Lakini ikiwa alikuwa wa Kristo, basi yeye mwenyewe ni uzao, na ni mrithi.