Fundi Bila Aproni: Onyesho la Kwanza la Juliasi Kaizari na Hadhira Yake

Mwalimu mwenzangu, ukiingia darasani na tamthilia iliyotafsiriwa, aghalabu unaanza na mhusika mkuu. Nami nilifanya hivyo kwa miaka na Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969. Onyesho la kwanza nililipita mbio. Maofisa wawili wa Roma wanawakuta mafundi barabarani siku ya kazi, wanawakaripia, mshona viatu anawajibu kwa mafumbo, kisha watu wanatawanyika. Nikawa nawaambia wanafunzi kwamba hicho ni kichekesho cha kufungulia pazia, halafu tunaikimbilia njama ya mauaji.

Makala haya yanashikilia kwamba nilikosea. Sikuyasoma maneno vibaya. Kosa langu lilikuwa kutowajua walioambiwa maneno hayo kwa mara ya kwanza, walikaa wapi, walivaa nini na walikuwa wametoroka kazi gani ili wawe pale.

Tuanze na shahidi. Mnamo Septemba 1599 msafiri kutoka Uswisi, Thomas Platter, alivuka mto Thames na wenzake baada ya chakula cha mchana. Saa nane hivi waliingia katika nyumba iliyoezekwa nyasi wakatazama tamthilia ya Kaizari. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba hiyo ilikuwa Globe, ambayo ilijengwa mwaka huohuo. Platter anaeleza kwamba aliyesimama uwanjani alilipa peni moja, na aliyetaka kuketi aliongeza nyingine. Anasimulia pia kwamba mchezo ulipokwisha waigizaji walicheza ngoma, wawili katika mavazi ya kiume na wawili ya kike. Ndiyo, baada ya maiti zote zile! Nani kati yetu amewahi kulitaja jambo hilo anapofundisha tanzia?

Zingatia saa hiyo. Saa nane mchana, juani, kwa kuwa jukwaa halikuwa na taa na uwanja haukuwa na paa. Katika siku ya kazi, fundi aliyesimama pale alikuwa ameiacha kazi yake. Wakuu wa jiji la London walilijua hilo na liliwaudhi. Mwaka 1597 Meya na wenzake waliliandikia Baraza la Malkia wakitaka michezo ipigwe marufuku. Mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa kwamba michezo inawavuta wanagenzi na watumishi kutoka kazini. Si ajabu kwamba Globe ilisimama ng'ambo ya mto, nje ya mamlaka ya jiji.

Sasa lirudie onyesho la kwanza. Ofisa anamuuliza seremala iko wapi aproni yake ya ngozi na rula yake. Mbona anatembea siku ya kazi bila alama ya ufundi wake? Mshona viatu anakiri kwamba wameacha kazi waje kumtazama Kaizari. Je, uwanjani wamesimama nani? Maseremala na washona viatu walioacha kazi waje kumtazama Kaizari! Karipio linatoka kinywani mwa ofisa wa Roma, lakini linawatua watu wa London waliolipa peni zao. Mtunzi ameitia hadhira ndani ya tamthilia kabla Kaizari hajatokea. Umati utakapogeuzwa baadaye kwa hotuba mbili za mazishi, watazamaji wale hawakuwa na nafasi ya kuwacheka Warumi kwa ujinga wao. Walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba umati ndio wao.

Hoja ya mavazi haiishii hapo. Sisi hufafanua maleba kwa sentensi moja, mavazi ya waigizaji, kisha tukaendelea. Lakini hebu tazama daftari la Philip Henslowe, mwenye jumba la Rose, ambalo lingali limehifadhiwa katika Chuo cha Dulwich. Mwaka 1603 alirekodi paundi 6 na shilingi 13 kwa gauni moja la mahameli nyeusi la mchezo wa A Woman Killed with Kindness. Thomas Heywood, aliyeutunga mchezo wenyewe, alilipwa paundi 6. Gauni lilimshinda mtunzi! Henslowe huyohuyo alikopesha watu fedha kwa rehani, na nguo zilikuwa miongoni mwa mali zilizowekwa. Platter naye anasema kwamba mabwana walipofariki waliwaachia watumishi mavazi yao, nao wakayauza kwa waigizaji. Zilikuwepo sheria zilizopanga nani avae kitambaa gani; hazikufutwa hadi mwaka 1604. Basi mwigizaji wa kawaida aliyevaa hariri ya marehemu bwana alikuwa hoja kwa macho tu, kabla hajafungua kinywa.

Hapa lazima nitahadharishe, kwa maana ushahidi wa aina hii unalevya. Wanaakiolojia walipofukua misingi ya Rose mwaka 1989 walikuta maganda mengi ya kokwa za hazeli. Upesi ikazuka picha ya watazamaji wakitafuna na kutema mchezo mzima. Baadaye wengine wakaonyesha kwamba maganda yalichanganywa na majivu ili kuifanya sakafu iwe ngumu, yumkini yakiwa mabaki ya watengeneza sabuni. Vivyo hivyo na sifa ya ukorofi wa waliosimama uwanjani: sehemu kubwa tumeipata kwa wahubiri na wakuu wa jiji, yaani mahasimu wa michezo. Malalamiko yao yanatuambia walichokiogopa kabla ya kutuambia kilichotendeka.

Nayo matini tunayoifasiri ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1623, miaka 24 baada ya Platter kuketi pale na miaka saba baada ya Shakespeare kufa. Waigizaji hawakupewa kitabu. Kila mmoja alipata maneno yake tu, pamoja na maneno machache ya mwisho ya msemaji aliyemtangulia. Karatasi moja ya namna hiyo, ya mwigizaji Edward Alleyn, ingali ipo Dulwich.

Nimelijaribu hilo na Kidato cha Tatu. Nilinakili maneno ya kila mhusika wa onyesho la kwanza katika karatasi yake, nikawaweka wanafunzi waliobaki katikati ya darasa, wamesimama. Ofisa alipofoka kuuliza iko wapi aproni, aliwageukia wao, maana seremala alikuwa bado anaitafuta zamu yake. Kijana mmoja aliyekuwa amechelewa kuingia alijitazama sare, akaichomeka shati haraka.