Inashikwa Wapi?

Transfa iliyogoma kutoka kwenye giaboksi humjaribu fundi kuliko injini iliyokataa kuwaka. Injini ikikataa, kuna mahali pa kuanzia: dizeli inafika au haifiki, hewa imeingia au haikuingia. Lakini transfa? Bolti zimeshatolewa na kupangwa kwenye sinia, propela mbili zimeegemezwa ukutani, jeki imeshabeba uzito, na bado kitu hakisogei hata unywele. Hapo ndipo mafundi wanapoachana njia. Mmoja ananyoosha mkono kuomba nyundo na tindo. Mwingine anaomba tochi na kurudi uvunguni. Huyu wa tochi ndiye ninayetaka kumsifu, na nitamsifu bila kupunguza neno, maana kazi yake hufanyika chali, gizani, oili ikimdondokea shingoni, na mwenye gari haioni.

Gari ninalolizungumzia ni Land Rover Defender, lile la zamani lenye bodi ya alumini, ambalo Arusha limejaa hadi mji ukaandaa tamasha la Land Rover Oktoba 2024. Transfa yake mafundi huiita kwa namba, LT230. Ilikuja na One Ten, kama gari hili lilivyoitwa mwanzoni, mwaka 1983 na ikadumu hadi Defender ya mwisho ya aina ile ilipotoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Ganda lake ni la alumini, ndani mmejaa gia za chuma, na uzito wake si wa mtu mmoja kuupokea kifuani akiwa amelala. Kazi yake ni kupokea nguvu kutoka kwenye giaboksi, kuzigawa mbele na nyuma kupitia difu ya katikati, na kumpa dereva gia kubwa na gia ndogo. Ukiwa kwenye gia ndogo, namba moja, injini huzunguka zaidi ya mara 40 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ndiyo maana gari lenye magunia ya viazi hupanda tope la masika taratibu, hatua kwa hatua, bila kurusha matairi.

Nguvu zote hizo hupita mahali padogo sana. Shafti kuu ya giaboksi inatokeza kwa nyuma, imechongwa meno, na meno hayo yanachomekwa ndani ya gia ya kwanza ya transfa. Basi. Hakuna bolti pale. Katika transfa za mwanzo meno yale yalikuwa hayapati oili, ingawa oili imejaa sentimita chache tu kutoka hapo. Chuma kikavu juu ya chuma kikavu, kikitikisika kidogo kila dereva anapokanyaga na kuachia mafuta, hutoa unga mwekundu. Unga ule husaga meno, kisha hujishindilia katika nafasi zilizobaki mpaka unakuwa mgumu. Baadaye kiwanda kilitoboa matundu kwenye gia ile ili oili ifike kwenye meno, na fundi anayejua kazi hanunui gia isiyo na matundu hayo, hata iwe bado kwenye karatasi yake ya dukani.

Hivyo ndivyo gari linavyofika gereji likivutwa kwa kamba. Injini inanguruma, gia inaingia, klachi inashika, na gari limesimama palepale. Dereva mzoefu ameshajaribu kufunga loki ya difu ya katikati. Kama shafti ya ekseli ya nyuma ndiyo iliyokatika, loki ingemtoa, kwa kuwa magurudumu ya mbele yangemvuta hadi nyumbani. Loki isiposaidia kitu, nguvu zinapotelea kabla ya difu. Fundi anajua hayo akiwa bado amesimama na kikombe chake cha chai, na mimi huuhesabu ufahamu huo kuwa sehemu ya kazi, tena sehemu kubwa.

Maandalizi nitayapita haraka: kumwaga oili, kuchomoa waya wa loki na kebo ya spidi, kufungua propela kwa spana ya inchi 9/16, kuishusha boriti ya chasi iliyo chini ya giaboksi, ambayo nayo hubana mpaka jeki ilazwe kati ya mbavu mbili za chasi izitanue milimita chache. Jambo moja tu halirukwi. Hendi breki ya Defender haikamati magurudumu. Inakamata ngoma iliyo nyuma ya transfa, pale propela ya nyuma inapoanzia. Ukishafungua propela hiyo, hendi breki haishiki chochote, na gari lililo kwenye mteremko mdogo tu litaondoka juu ya mwili wa mtu. Mzee ninayemwandika hapa, fundi wangu wa tochi, hugonga kabari mbele na nyuma ya matairi kwa mkono wake mwenyewe, hata kama kijana wake ameshaziweka. Hamkosei heshima kijana. Hawezi tu kulala chini ya uzito ule kwa kutegemea kazi ya mkono mwingine.

Sasa tufike kwenye mgomo wenyewe. Siku niliyokuwapo, kijana alikuwa ameshaichomeka ncha ya bisibisi kubwa katikati ya giaboksi na transfa, tayari kuigonga.

“Mwanangu, inashikwa wapi?” mzee akamuuliza.

“Imeganda tu, mzee.”

“Wapi?”

“Sijui, mzee.”

“Basi itoe hiyo bisibisi. Siku ukijua wapi, nyundo nitakupa mimi mwenyewe.”

Ukali ule ulikuwa na sababu. Nyuso mbili za alumini zinazokutana pale zimesawazishwa kwa mashine. Bisibisi ikizama, inaacha mfereji, na mfereji ule utavujisha oili miaka yote, upake gundi juu ya gasketi na gasketi juu ya gundi. Wapo wenye magari wanaotembea na kopo la oili nyuma ya kiti kwa sababu ya dakika moja ya haraka ya fundi wasiyemkumbuka hata jina.

Swali la mzee lina majibu machache, na kila jibu lina dawa yake. Kwanza, huenda bolti imebaki. Bolti za juu huzioni. Unazipapasa kwa vidole juu ya ganda, mkono umepinda hadi begani, na matope makavu ya miaka yameshaziba vichwa vyake. Mzee huhesabu matundu, kisha huhesabu bolti kwenye sinia, na hesabu zisipolingana hakuna mjadala.

Pili, huenda ni jeki. Hili watu hulidharau, na mimi naona ndilo lenye siri kubwa kuliko yote. Jeki ikibeba pungufu, transfa inaning'inia kwenye shafti. Ikibeba zaidi, inaisukuma shafti juu. Kote kuwili meno yanabana, na kadiri unavyovuta ndivyo yanavyozidi kubana. Kuna kimo kimoja tu, chembamba sana, ambapo uzito wote uko kwenye jeki na shafti imekaa huru katikati. Mzee hukitafuta kwa kuzungusha mpini wa jeki robo kwa robo huku kiganja cha mkono wa pili kikiwa juu ya ganda la transfa. Nilimwona akisimama, akirudisha kidogo, akipandisha tena. Kiganja kile kilikuwa kinasoma kitu ambacho hakuna kipimo cha gereji kingemsomea.

Tatu, pini. Kuna pini za chuma zinazoelekeza maganda mawili yakutane sawasawa, na pini ya chuma ndani ya tundu la alumini, ikipata unyevu, hasa unyevu wa chumvi wa Tanga au Mombasa, huzaa kutu nyeupe. Kutu hiyo hujaa kuliko alumini iliyoizaa, kwa hiyo huikaba pini pande zote. Hapa dawa ni moto, lakini moto wenye akili. Alumini ikipashwa hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo ukilipasha ganda kuizunguka pini, tundu hupanuka kuliko pini, na mshiko hulegea. Asiyejua hungoja alumini iwe nyekundu kama chuma cha mhunzi. Haiwi. Huyeyuka kwenye nyuzi 660, au hata chini yake, ikiwa na rangi ileile ya fedha, na ganda la transfa linakwisha mbele ya macho yake. Mzee hudondosha tone la maji: likichemka na kurukaruka, panatosha. Moto ukiwa mkubwa zaidi huunguza sili, tena kando yake kuna oili na dizeli, hivyo ndoo ya mchanga hukaa jirani.

Nne ni yale meno yenyewe na unga wao mwekundu. Namna ya kutofautisha ni kutazama mwanya. Mwanya ukifunguka chini na kukataa juu, au kulia na kukataa kushoto, upande unaokataa ndiko kwenye pini au bolti. Ukifunguka kidogo kwa usawa pande zote kisha ukakoma kabisa, tuhuma ni ya meno. Siku ile ulifunguka kwa usawa, ukakoma.

Mzee hakwenda mbele ya transfa. Alikwenda nyuma yake, akafungua kifuniko kidogo ambacho waundaji walikiweka kwa ajili ya wanaotaka kufunga winchi au pampu inayoendeshwa na nguvu za gari. Nyuma ya kifuniko kile, ukimulika, unaiona ncha ya shafti ya giaboksi ndani ya gia yake. Gari linao mlango, na magereji mangapi yamelipigapiga ubavuni bila kuufungua! Alipulizia dawa ya kulainisha kutu kupitia pale, akaiacha ilale usiku kucha, asubuhi akapulizia tena. Kisha giaboksi ikawekwa kwenye gia ili shafti isizunguke, loki ya difu ya katikati ikafungwa, na kijana akapewa kazi ya kuizungusha fulanchi ya nyuma ya transfa kwa mtaimbo mfupi, mbele kidogo, nyuma kidogo. Unga ukaanza kutoka, mwekundu, umelowa.

Ndipo nyundo ikaja, nyundo ya plastiki, kwenye ubavu mnene wa ganda, kulia mara moja, kushoto mara moja, kijana akiutazama mwanya kwa tochi na kuutaja kwa sauti. Mzee alikuwa ameshachomeka bolti tatu ndefu zilizokatwa vichwa kwenye matundu, ili transfa ikiachia iteleze juu yake kwa unyoofu na isidondoke. Iliachia kwa kukwaruza. Ikasogea kidole kimoja, viwili, ikatoka.

Meno ya shafti yalikuwa yamebaki membamba, makali kuliko wembe wa zamani. Mwenye gari, aliyetumiwa ujumbe aje aone, alipapasa kwa kidole na hakubishana tena kuhusu bei ya gia na shafti. Alibishana kuhusu ufundi, kwamba siku mbili zimepita na mtu alikuwa amelala tu chini ya gari. Hapa sina subira naye, wala na wenzake walio wengi. Siku mbili zile zilimwachia ganda zima, nyuso safi na giaboksi isiyo na ufa. Nyundo ya siku ya kwanza ingempa yote hayo yakiwa kwenye mfuko wa vyuma chakavu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na ningependa siku moja mtihani wake uwe huu: transfa imegoma, mtahiniwa haruhusiwi kugusa nyundo mpaka aseme inashikwa wapi.

Wakati wa kurudisha, mzee alisugua kutu nyeupe kwenye pini kwa msasa laini, akasafisha matundu, akapaka meno mapya grisi, kisha akapaka kila pini grisi kidogo na kufuta iliyozidi. Nilimwambia kwamba pini hazizunguki, grisi ile haimsaidii mwenye gari kwa lolote.

“Haimsaidii,” akakubali. “Lakini itakuja kufunguliwa tena, na huenda atakayeifungua ni huyu kijana, akiwa na gereji yake.”