Jukwaa si Baraza

Mitandao mikubwa ya mazungumzo huitwa "majukwaa", na neno hilo ni la kweli kuliko walivyodhani waliolichagua. Barazani huketi apitaye (ingawa nalo limeegemea ukuta wa nyumba ya mtu). Jukwaa lina aliyelijenga, naye ndiye aamuaye nani apande.

Yasemwa kwamba mtandao ukikua hubana maneno kwa kuwa wasiojuana hawaoneani haya. Hoja hiyo ina ukweli. Bwawa la Nyumba ya Mungu, magharibi ya milima ya Upare, lilipojaa katika miaka ya 1960, wavuvi walifika kutoka mbali, na uvuvi ukahitaji sheria. Lakini mfano huo una kasoro: samaki hupungua kwa kuvuliwa, maneno hayapungui kwa kusemwa.

Sababu iliyo nzito zaidi ni kwamba mkubwa ana cha kupoteza. Mwaka 2012 Twitter, ikizidi kuingia katika nchi nyingi, ilitangaza kwamba itaweza kuficha ujumbe katika nchi moja huku ukisomwa kwingineko. JamiiForums, iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2006, ilikataa kuwataja wasemaji wake, na Desemba 2016 mwanzilishi wake, Maxence Melo, akakamatwa. Kanuni za 2018 zikadai leseni, mtandao ukafungwa kwa muda mwezi Juni. Tena Septemba 2025 leseni ikasimamishwa kwa siku 90.

Basi mvuvi wa Nyumba ya Mungu aandikaye humo, kwa jina la kupanga, juu ya ushuru wa mwaloni, hahifadhiwi na uhuru ulioahidiwa, bali na ukaidi wa mtu mmoja mbele ya polisi.