Picha Bila Majina: Uhakiki wa Programu ya Picasa

Kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, nilikua nikitumia kompyuta ya mezani yenye programu ya Picasa. Mpaka leo sijaona nyingine iliyo rahisi kama hiyo kwa mtu anayetaka kupanga picha za nyumbani. Katika insha hii nitaisifu inapostahili, kisha nitaonyesha ni wapi naona ilikosea.

Google iliinunua Picasa mwaka 2004 na kuigawa bure. Programu hii haikuhamisha picha zako. Ilipekua diski na kukuonyesha kila folda palepale ilipo. Ungeweza kukata kingo, kunyoosha picha iliyoinama au kuondoa macho mekundu. La maana zaidi, haikuigusa picha ya asili. Mabadiliko yaliandikwa pembeni, katika faili dogo lililofichwa ndani ya folda, liitwalo .picasa.ini. Hata ukiamua kuyahifadhi kwenye picha, nakala ya asili iliwekwa kando. Kwa hiyo hata mtoto angeweza kuchezea picha ya arusi ya babu yake bila kuiharibu.

Mwaka 2009, toleo la 3.5 lilileta utambuzi wa nyuso. Picasa ilikusanya nyuso zinazofanana, nawe ukaandika jina la mwenye uso. Likizo moja nilikaa na bibi mbele ya picha za zamani tulizozipiga skani. Yeye akataja, mimi nikaandika: shangazi aliyeolewa Uvira, fundi cherehani wa jirani, watoto waliohama na wazazi wao. Tulimaliza picha zaidi ya mia mbili. Mwaka uliofuata bibi akafariki.

Nilipopata kompyuta ya chuo, nilinakili picha peke yake. Mafaili yaliyofichwa niliyaona kama takataka, nikafuta diski ya zamani. Kosa ni langu. Nyuso zote zilifika, majina hayakufika.

Hata hivyo, kosa langu lilinifundisha kuuliza swali la mhakiki: kwa nini jina la mtu likae nje ya picha yake? Picasa iliweka majina ya nyuso katika .picasa.ini na katika orodha ya watu iliyohifadhiwa kwingine kwenye kompyuta. Chaguo la kuyaandika ndani ya picha lilikuwepo, lakini katika mipangilio, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hafiki. Wakati huohuo, maelezo mafupi uliyoandika chini ya picha yaliingia ndani ya faili la JPEG lenyewe. Programu ni moja, kanuni ni mbili, na anayeandika haoni tofauti yake.

Jambo hili si dogo, kwa sababu programu hufa na picha hubaki. Februari 2016 Google ilitangaza kuiacha Picasa, na tarehe 15 Machi mwaka huo ikaacha kuihudumia programu ya kompyuta. Wapo watakaosema tuhamie Google Photos. Lakini tangu 1 Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa katika nafasi ya bure ya GB 15, na kwetu mega za intaneti hununuliwa kwa kuhesabu. Mimi sasa natumia digiKam, ambayo ni ya bure na inaweza kuandika majina ndani ya picha. Ni ngumu zaidi kujifunza, tena kwa anayeanza menyu zake ni nyingi mno. Lakini naichagua, kwa sababu urahisi unaopoteza majina ni urahisi wa mkopo.

Katika picha zote zile, tisa zilifika na maneno. Ni zile ambazo bibi alikuwa na mengi ya kusema, nikaona jina halitoshi, nikaandika maelezo chini. Moja inasema: "Huyu alikopa koti kwa ajili ya picha, hakulirudisha." Jina lake sijui. Nimempelekea mjomba nakala, naye amesema atawauliza wazee wenzake baada ya sala ya Ijumaa. Akilipata, safari hii nitaliandika ndani ya picha.