Kuitafutia Hilux Kabureta Yake

Kuna ufundi usiohitaji nyundo wala moto wa kuchomelea, na kwa sababu hiyo watu huupita bila kuusalimu: ufundi wa kuitambua spea sahihi kabla pesa haijatoka mfukoni. Nausifu hapa kwa ajili ya kabureta ya Toyota Hilux ya petroli, pikapu zile za miaka ya 1970 na 1980 ambazo bado zinabeba saruji, mbolea na viazi. Sijui kifaa kingine cha gari kinachofanana hivyo na wenzake kwa sura, kisha kikatofautiana nao hivyo kwa tabia.

Kabureta haifi kwa siku moja. Gasketi hubadilishwa, mpira wa pampu hubadilishwa, sindano ya boya hubadilishwa, na maisha yanaendelea. Siku mbaya ni ile ambayo kile kichuma kinachobeba kipepeo cha chini, kipepeo kinachofunguka mguu ukikanyaga mafuta, kimeshalila tundu lake kikaanza kucheza. Hewa huingia pembeni bila kupimwa na mtu. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, haitulii tena: ukiishusha gari linazima, ukiipandisha linanguruma kwenye foleni kama limekasirika. Mchongaji makini anaweza kuiwekea kabureta bushi ya shaba, na kazi hiyo ikitoka vizuri inastahili heshima yake. Wengi wetu, lakini, hapo ndipo tunapofunga safari ya kwenda Gerezani, kwa wauza spea wa Dar es Salaam.

Sasa tazama tofauti ya wauzaji wawili. Wa kwanza ukimwambia Hilux anainuka palepale na kurudi na kabureta. Wa pili anabaki ameketi, anauliza, "Injini gani, kaka?" Huyo wa pili ndiye ninayemwandikia.

Anauliza kwa sababu jina la Hilux halisemi kitu. Bamba la modeli la gari linasema zaidi kidogo: herufi zikianza na RN, gari lilitoka kiwandani na injini ya ukoo wa R, zikianza na YN, ni ukoo wa Y, zikiwa LN ni dizeli, na hiyo haina kabureta kabisa. Ndani ya kila ukoo kuna ndugu wengi. 12R ina sentimita za ujazo 1,587, 18R ina 1,968, 22R ina 2,366. Upande wa Y, 2Y ina 1,812 na 4Y ina 2,237. Isitoshe, pikapu iliyofanya kazi miaka thelathini huenda ilishawekewa injini ya gari jingine, bamba likabaki likisimulia habari za zamani. Kwa hiyo mjuzi haliamini bamba peke yake. Anakutuma ukasugue mafuta na vumbi ubavuni mwa bloku, usome kilichogongwa pale kwenye chuma.

Ukubwa huo wa injini una maana gani kwa kabureta? Hewa ikipita mahali pembamba huenda kasi, na inapoenda kasi mgandamizo wake hushuka. Mtaliano Giovanni Battista Venturi aliandika juu ya jambo la namna hii mwaka 1797, kabla hata gari la petroli halijatengenezwa. Koo la kabureta linafanya hivyohivyo: mgandamizo ukishuka pale, petroli iliyo kwenye bakuli la boya inapanda kupitia jeti, kile kitundu kinachoipimia petroli, na kujiunga na hewa. Ili petroli yote iungue na hewa yote itumike, kila gramu moja ya petroli inahitaji gramu 14.7 za hewa. Injini ndogo ikipewa koo pana, hewa inapita kwa uvivu, mvuto unalegea, na gari linakohoa kila unapoondoka kwenye taa. Injini kubwa ikipewa koo jembamba inakwenda kwa adabu mjini, halafu inakosa pumzi mlimani.

Ndiyo maana kabureta ya 4Y iliyotolewa kwenye foklifti inaudanganya mkono. Bolti zinaingia na gasketi inakaa. Lakini ilipangwa kwa mashine inayozunguka ghalani, wala si kwa pikapu inayopanda mlima wa Kitonga ikiwa na tani moja mgongoni. Mlimani ndipo tundu la pili la kabureta linapotakiwa kufunguka, lile linalolala siku nzima na kuamka mzigo unapodai. Lisipofunguka kwa wakati wake, dereva anajikuta gia ya kwanza huku malori yakimpigia honi nyuma.

Halafu kuna suala la mwinuko, na hapa ujuzi unakuwa mtamu. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa kule ni kama asilimia 80 ya ule wa Dar es Salaam. Kabureta iliyotulia vizuri Kariakoo, jijini humo, ikifika Njombe inatoa petroli nyingi kuliko hewa inayoweza kuipokea: moshi mweusi, plagi zenye masizi, tanki linaloisha mapema. Fundi wa nyanda za juu anaweka jeti ndogo zaidi. Jeti nyingi zimeandikwa namba, na kwenye kabureta za Weber na Solex 140 ni tundu la milimita 1.40, kwa hiyo hatua kutoka 140 hadi 135 ni tofauti ambayo jicho halioni, ila injini inaihisi. Gari hilohilo likishuka kuja kukaa pwani bila kurudishiwa jeti yake, hatari inageuka. Petroli inakuwa chache, moto unazidi, na vali ndizo zinazolipa. Plagi hutoa ushahidi: nyeusi ni petroli imezidi, nyeupe ni imepungua, rangi ya kahawia hafifu ni amani.

Kuna kabureta za Toyota zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, zenye vipira vingi vya kupunguza moshi mchafu. Mwenye pikapu ya kwetu akiuziwa hiyo hubaki na matundu asiyojua ayafunge au ayaache. Weber 32/36 ni kabureta nzuri kweli, lakini inadai bamba la kuunganishia na mtu wa kuchagua jeti. Kuhusu nakala mpya zinazong'aa dukani, msimamo wangu hauyumbi: afadhali kabureta ya kiwandani ya Aisan, ya mtumba, iliyoagizwa pamoja na injini yake kutoka Japani, ambayo ukikishika kile kichuma cha kipepeo na kukitikisa hakichezi.

Mjuzi wetu wa Gerezani hataki uje mikono mitupu. Anataka uje na ile ya zamani. Anaziweka mbili juu ya meza, anapima nafasi ya bolti, anaangalia waya wa mafuta unavuta kutoka upande gani, choki ni ya waya au ya maji ya moto, bomba la kurudisha petroli lipo au halipo. Anatafuta namba ya Toyota, ambayo kwa kabureta huanza na 21100, na kama inafuatiwa na 35 anajua yuko kwenye ukoo wa R. Mwisho anachukua bisibisi, anafungua jeti za zamani na kuzisoma moja moja kwenye mwanga. Zikiwa ndizo za kiwandani na hazijatobolewa na mtu, anazihamishia kwenye mwili mpya, anakurudishia mabaki na kukuagiza uyahifadhi, maana boya, skrubu na springi za Aisan haziokotwi kila duka.